Kabla Hujamwambia Mgeni Urefu wa Mti

Hotuba niliyoitoa Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro, mbele ya waongoza watalii na wagumu, yaani wapagazi wa mlimani. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema. Vicheko nimevipunguza, na hesabu nimezipanga vizuri zaidi, maana siku ile ubao ulikuwa mdogo na chaki moja.

Ndugu mwenyekiti, waongozaji, wagumu, wapishi, na nyinyi akina mama mliokuja kusikiliza ingawa barua ya mwaliko haikuwataja, asanteni kwa kunipokea.

Nianze na jambo nililolisikia kwa masikio yangu mwenyewe. Juzijuzi nilikuwa nateremka njia ya msituni nyuma ya kundi la wageni. Kijana mmoja wa kazi yenu, jina lake silijui na hata ningelijua nisingelitaja, alisimama chini ya podo kubwa, akalipiga shina kofi, akasema kwa sauti ya mtu mwenye hakika: mti huu una mita mia na ishirini. Wageni wakasema aaah, wakapiga picha, wakaendelea. Mimi nilikuwa na leza yangu ya kupimia umbali mfukoni. Nikasubiri wapinde kona, nikaupima. Mita 34.

Ni mti mzuri, wala sina neno nao. Ila mita 120 hazipo popote duniani. Mti mrefu kuliko yote uliopimwa na ambao bado uko hai ni ule walioupa jina la Hyperion, kule California, Marekani, na vipimo vya mwaka 2019 viliupa mita 116.07. Kwa hiyo kijana wetu, pale pale njiani, kabla ya chakula cha mchana, alivunja rekodi ya dunia kwa karibu mita 4.

Sikumkasirikia, na nitawaeleza kwa nini. Mimi nimekosea vibaya kuliko yeye. Yeye alikosea kwa mdomo, mimi nilikosea kwa vyombo na kwa karatasi yenye muhuri. Msitu mkubwa humfanya mtu aseme uongo bila kukusudia. Unasimama chini, shingo imekunjwa, jasho linaingia machoni, majani yamefunika kila kitu, na shina linapanda mpaka halionekani tena. Jicho likikosa mwisho linajitungia mwisho wake, na huo wa kutunga huwa mbali siku zote. Sijawahi kumwona mtu aliyekisia mti wa msituni akapunguza.

Sasa kisa changu. Nilikuwa bado kijana, msaidizi wa upimaji, nimetumwa na bosi wangu kupima miti mikubwa kwenye mteremko fulani. Leza hatukuwa nayo. Tulikuwa na futikamba na klinomita, kile kidude cha kuchungulia kinachokuonyesha pembe. Mnaijua njia hiyo, wengine mliisoma shuleni. Unapima umbali ardhini kutoka ulipo hadi kwenye shina, unachungulia kilele, unasoma pembe, unapiga hesabu ya tanjenti. Ikiwa pembe ni nyuzi 45, mambo ni rahisi sana: urefu juu ya jicho lako ni sawa na umbali uliosimama.

Mimi nilisimama mita 50. Pembe ikasoma 45 barabara. Kutoka usawa wa jicho kushuka hadi kwenye kitako cha mti zilikuwa mita 3. Jumla 53. Nikaandika 53 kwa furaha, bosi akafurahi zaidi, karatasi ikapanda juu. Baadaye likaja kundi jingine, likapanda mti na kuteremsha kamba kutoka kileleni. Mita 46.

Mita 7 zilikwenda wapi?

(Hapa nilichukua fagio lililokuwa kona ya ukumbi, lile la mpini mrefu, nikalisimamisha sakafuni. Kisha nikalilaza kidogo kuwaelekea walioketi mbele.)

Tazameni fagio hili. Ninyi mlio mbele, likiwa limesimama wima mnalionaje? Na sasa likiwaelekea? Dada hapa anasema limekuwa refu. Halijaongezeka hata inchi moja, tena ncha yake imeshuka. Lakini kwa jicho la aliye mbele imepanda, kwa sababu imemsogelea.

Ndivyo ilivyonipata. Kile nilichokiona kama kilele hakikuwa kilele. Kilikuwa tawi lililonyooka kunijia, na ncha yake ilining'inia mita 9 karibu nami kuliko shina. Nilipofanya hesabu kwa mita 50 nilidanganya bila kujua, kwa kuwa ncha ile ilikuwa mita 41 tu kutoka nilipo. Kwa pembe ya nyuzi 45, mita 41 ndizo urefu wake juu ya jicho. Ongeza zile 3, unapata 44. Kilele chenyewe, kile cha mita 46, kilikuwa kimejificha nyuma ya tawi hilo na mimi sikukiona kabisa.

Angalieni ubaya wa kosa hili. Linaongeza. Miti ya msituni inakwenda kutafuta jua, matawi yanatanuka, shina linainama kwenye mteremko, na mpimaji husimama mahali panapomwonyesha mti vizuri, yaani kule ulikoinamia. Basi vitabu vya zamani vimejaa miti mirefu ambayo, ilipokuja kupimwa upya, ilipungua kama shati la pamba lililofuliwa kwa maji ya moto.

Leza ilibadilisha mambo, ila si kwa sababu ina taa nyekundu. Ilibadilisha kwa sababu inapima umbali mpaka kwenye ncha yenyewe, hewani, badala ya kupima ardhini na kuomba Mungu kwamba ncha iko juu ya shina. Siku ile ningekuwa nayo, ingesoma mita 58 hadi kwenye lile tawi. Hesabu inayotumika hapo ni ya sini. Mita 58 kwa nyuzi 45 zinatoa mita 41. Na uzuri wake ni huu: hata ukilenga tawi lisilo kilele, jibu unalopata ni urefu halisi wa tawi hilo. Ukikosea, unakosea kwa kupunguza. Kwa hiyo unazunguka mti, unapiga tena na tena kutoka pande zote, na ile namba kubwa kuliko zote ndiyo unaanza kuiamini.

Ndugu mmoja pale nyuma ananiuliza kama leza haizuiwi na majani. Inazuiwa sana. Ukipiga katikati ya kichaka, inakusomea jani lililo mita 12 mbele yako, wala haikwambii kwamba imekosea. Ndiyo maana kazi kubwa ya mpimaji si kupiga, ni kutafuta dirisha. Unaweza kuzunguka saa nzima unatafuta upenyo mmoja wa kuona kilele na upenyo mwingine wa kuona kitako, na usiku unaingia, na huna namba. Halafu kitako chenyewe kiko wapi? Mti mkubwa ukiwa kwenye ukingo wa korongo, upande wa juu udongo umepanda na upande wa chini mizizi iko hewani. Tofauti inaweza kuwa mita 2 au 3. Desturi ni kuchukua usawa wa katikati. Asiyetaja amechukua wapi, namba yake msiichukue.

Unene nao una vita vyake. Kwa kawaida tunapima kipenyo mita 1.3 kutoka ardhini, kwenye kifua cha mtu. Lakini miti mingi mikubwa ya msituni imejipanua chini kama mbawa, kuta kabisa za mizizi unaweza kujificha nyuma yake. Ukizungusha kamba pale umepima kuta, hujapima shina. Inabidi upande juu ya mbawa hizo ndipo uzungushe. Ninayasema haya kwa sababu nimeshaonyeshwa picha za watu kumi wameshikana mikono kuzunguka mti, eti ndiyo kipimo.

Na mkubwa maana yake nini? Huko Sequoia, California, kuna mti unaoitwa General Sherman. Urefu wake ni mita 83.8, mfupi kuliko Hyperion kwa mita zaidi ya 30, lakini shina lake limekadiriwa kuwa na mita za ujazo 1,487, na kwa ujazo hakuna shina moja linalojulikana linaloushinda. Mbuyu nao ungeingia shindano la unene ukawaacha wengi solemba, ilhali kwa urefu hata mringaringa wa kihambani, mti wa kawaida wa shamba la nyumbani, haudhalilishwi nao. Kwa hiyo mtu akisema mti mkubwa kuliko yote, muulizeni kwanza anazungumzia nini.

Turudi nyumbani.

Mwaka 2016 dunia ilisikia kwamba mti wa asili mrefu kuliko yote uliopimwa Afrika uko hapa, mlima huu, juu ya vichwa vyenu. Ni mkukusu. Aliyeupima pamoja na wenzake ni Andreas Hemp wa Chuo Kikuu cha Bayreuth, Ujerumani, mtu aliyetembea mlima huu akisoma mimea yake kwa miaka mingi kuliko umri wa baadhi yenu. Jambo ninalolipenda katika kisa hiki ni kwamba miti hiyo aliiona miaka kama 20 kabla ya kutangaza chochote. Alijua ni mirefu. Kila aliyepita alijua. Ila kujua hivyo hakukutosha, akanyamaza mpaka alipopata vyombo vya leza, na upimaji ukafanyika kati ya mwaka 2012 na 2016. Walipima mikukusu 32. Ile 10 mirefu zaidi ilikuwa kati ya mita 59.2 na 81.5, na vipenyo kati ya mita 0.98 na 2.55.

Mita 81.5. Umri wake walikadiria miaka 500 hadi 600. Mmisionari Rebmann alipouona mlima huu na theluji yake mwaka 1848, na huko Ulaya wakamcheka kwa kusema kuna theluji karibu na ikweta, mkukusu ule ulikuwa mzee tayari.

Tena kuna kichekesho. Kabla ya hapo mti uliokuwa ukitajwa kwa urefu barani ulikuwa mkaratusi wa Limpopo, Afrika Kusini, ambao ulikufa mwaka 2006. Urefu wake? Mita 81.5. Namba ile ile. Lakini mkaratusi ni mgeni, uliletwa kutoka Australia na kupandwa na watu. Ndiyo maana mnapowaeleza wageni semeni mti wa asili, kwa sababu mikaratusi iliyopandwa kule kusini haichezewi, na mgeni wa kutoka Johannesburg anaweza kukuumbua mbele ya kundi lako.

Kwa nini uwe hapa? Udongo wetu ni wa volkano, una rutuba. Mvua ya upande wa kusini msituni inapita milimita 2,000 kwa mwaka. Joto ni la wastani, si la kuunguza wala la kugandisha. Hayo matatu ukiyaweka pamoja mti unapanda. Ila kuna sababu ya nne ambayo haihusu mti bali sisi. Iko kwenye makorongo. Mnayajua makorongo yale, ukingo unashuka kama ukuta na mto uko chini unanguruma. Gogo la mita za ujazo kumi utalitoaje mle? Chenso, yaani msumeno wa mota, unaweza kuishusha, mbao hutazipandisha. Mikukusu ya kwenye matuta, kule ambako mtu anafika na msumeno na wabebaji, ilikatwa zamani, pamoja na miti ya kafuri ile inayonukia. Kwa hiyo tunaposema mti mrefu umepatikana korongoni, tuongeze kwamba ni kwa sababu korongo lilituzuia. Sijui ilikuwaje juu kwenye tuta kabla ya msumeno, na hakuna leza ya kupima kisiki kilichooza.

Akina mama mlio hapa mnakumbuka habari ya nusu maili, ule mkanda wa msitu uliowekwa miaka ya 1940 ili watu wa vihambani wapate kuni na majani ya ng'ombe bila kuingia msitu wa juu. Na mnajua hifadhi ilivyopanuliwa mwaka 2005 ikauchukua msitu wote, na maneno yaliyofuata. Leo sitaingia huko, mwenyekiti ananitazama. Nataka tu mjue kwamba Hemp na wenzake walisema wazi kuwa miti hii inahitaji ulinzi dhidi ya ukataji haramu. Na atakayesikia chenso usiku kwanza ni mama wa nyumba ya mwisho karibu na msitu, hata kama ramani haijui nyumba yake ipo.

Wenzetu wanatafutaje? Siku hizi wanaanza angani. Ndege inaruka juu ya msitu ikimwaga mipigo ya leza, mingine inagonga majani ya juu, mingine inapenya mpaka ardhini, na kompyuta inatoa tofauti. Ndivyo ulivyopatikana mti wa Menara katika bonde la Danum, Sabah, Malaysia. Lakini angalieni walichofanya baada ya ndege. Januari 2019 mtu mmoja anayeitwa Unding Jami aliupanda na futikamba hadi juu. Mita 100.8. Ndege, kompyuta, wataalamu wa Uingereza, na mwisho wa yote mtu na kamba. Wakakadiria pia uzito wa mti ule bila mizizi, kilo 81,500. Naona namba hii inatufuata.

Hyperion nao ulipatikana kwa miguu. Agosti 2006, Chris Atkins na Michael Taylor, watu waliokuwa wakitumia siku zao za mapumziko kupenya misitu ile na leza mkononi. Ulikuwa mtelemkoni, wakati wengi walizoea kutafuta mirefu kwenye tambarare za kando ya mito. Na eneo lile liliingizwa hifadhini mwaka 1978, wakati wakata miti walikuwa wameshafyeka sehemu za jirani.

Mnaniuliza: miti inaweza kwenda juu mpaka wapi? Watafiti waliopanda miti ile ya California walikadiria mwaka 2004 kuwa mwisho ni kati ya mita 122 na 130. Sababu ni maji. Mti unavuta maji kutoka mzizini hadi kwenye jani la juu kabisa, na kadiri unavyopanda ndivyo uzito wa maji unavyovuta kurudi chini. Majani ya kileleni yanakuwa madogo na makavu kama ya mti wa jangwani, ingawa mvua inayanyeshea. Kwa hiyo lile podo la mita 120 lingekuwa na kiu kali sana.

Sasa neno ambalo huenda halitawafurahisha. Wengi wenu mmeniuliza kabla ya kikao kama tunaweza kufungua njia ya kwenda kwenye mkukusu. Najua maana yake, ni siku moja zaidi ya kazi, na mgeni asiyeweza kupanda kilele anaweza kupanda hadi msituni. Silikatai. Lakini sikieni kilichoupata Hyperion. Waliougundua walificha mahali ulipo. Haikusaidia, watu wakapekua, wakaandika, na wageni wakaanza kufika bila njia. Wakakanyaga mpaka mimea yote ya feni chini yake ikaisha, udongo juu ya mizizi ukashindiliwa ukawa kama barabara, na vichakani ikawa choo. Mwaka 2022 hifadhi ikalifunga eneo. Anayekamatwa anaweza kutozwa dola 5,000 na kufungwa miezi sita. Mti wenyewe kwa picha si kitu, ukiwa chini yake huoni kilele. Watu walitembea siku nzima kwenda kupiga picha ya gome.

Kwa hiyo kama njia itafunguliwa na wenye mamlaka, iwe ya mbao zilizoinuliwa, isikanyage mizizi, na iwe na mahali pa kusimama ng'ambo ya korongo ambapo mti unaonekana wote, kitako hadi kilele. Hapo ndipo mgeni ataelewa mita 81.5. Chini ya shina haelewi chochote, ataamini hata 120.

Nimemaliza ya kusema, imebaki kazi. Jumamosi saa mbili asubuhi tukutane penye ule mringaringa mkubwa hapa chini barabarani. Kila mtu aje na karatasi yenye makisio yake, aikunje, aitumbukize kofiani kabla hajagusa chombo. Nitaleta leza, klinomita mbili na kamba ya mita 50, na tutaupima kwa njia zote mbili ili mwone zinavyogombana. Vaeni mabuti. Na yule kijana wa mita mia na ishirini, kama yumo humu, asijifiche, nataka yeye ndiye ashike leza wa kwanza. Ukishuka ukungu tutaahirisha, kwa sababu leza ikiona ukungu inadhani ni ukuta.